Ndege ikidunda, usiilazimishe chini

Kwa mnaojifunza kurusha ndege ndogo: ajali nyingi za kutua huanza kabla gurudumu halijagusa ardhi, na mara nyingi mchawi ni mwendo. Kasi ya kuja kutua kwa kawaida ni mara 1.3 ya ile ambayo chini yake mabawa hushindwa kubeba ndege. Ukijiongezea asilimia 10 “ya usalama”, nishati ya mwendo inapanda kwa asilimia 21. Ndege inaelea tu, lami inaisha huku unaitazama, na mkono unawasha kuisukuma chini.

Hapo ndipo pabaya. Gurudumu la mbele, ambalo ni dhaifu kuliko yale makuu, linagonga kwanza. Pua inarushwa juu, unasukuma usukani, inagonga tena kwa nguvu zaidi. Mdundo wa tatu unaweza kukunja mguu wa mbele na propela ikakwangua lami. Mkono wako huchelewa kila mara, kwa hiyo usishindane na midundo.

Ikidunda kidogo, shikilia pua ilivyo, iache itulie. Ikidunda sana, injini nguvu zote, pua usawa, kanyaga usukani wa miguu ndege isiende upande, kisha flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikunjwe hatua kwa hatua. Ukizikunja zote kwa pupa utaporomoka. Zunguka, uje upya.

Mimi huamua nikiwa bado juu: nisipogusa ndani ya theluthi ya kwanza ya njia, naondoka. (Abiria wakinuna, wanune.)