Paka na majani ya jikoni: lipi umwachie, lipi umfichie

Jirani yangu hapa Machomanne, Chake Chake, alipiga hodi alfajiri, paka kamkumbatia. Amemkuta anatafuna mrehani wa barazani na amekesha akidhani kala sumu. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Makopo ya barazani
Mrehani na kotmiri (majani ya giligilani) havimdhuru. Nanaa na mchaichai akila mengi hutapika au huharisha, basi viinue juu.

Hatua ya 2: Majani ya kitunguu
Yaondoe kabisa. Usipoyajua, fikicha jani kwa vidole; likinuka kitunguu, si la paka.

Hatua ya 3: Mabaki ya mchuzi
Hapa nisomeni polepole. Mwaka mmoja paka wangu alilegea, hataki kula, mkojo wake umekuwa mwekundu wa kahawia. Nilishinda siku nzima naking'oa kila kilichoota uani, mpaka mrehani usio na kosa. Kumbe ni vichwa vya samaki changu nilivyokuwa nikimpa kutoka kwenye mchuzi uliojaa thomu, yaani kitunguu saumu.

Kitunguu maji na thomu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na thomu ni kali zaidi. Kitunguu cha gramu 5 hivi kwa kila kilo ya uzito wake chatosha kumdhuru. Paka wa kilo 4 ni gramu 20, kipande tu. Kidogo kidogo kila siku nacho hujumlika. Kupika hakuondoi sumu, kukausha hakuondoi, na thomu ya unga ni mbaya zaidi kwa sababu imekolea. Wala usimsuuze samaki kwa maji ukadhani umemaliza, mchuzi umeshaingia ndani ya nyama.

Linalopoteza watu ni kuchelewa kwa dalili. Huweza kupita siku kadhaa baada ya kula, na wewe unatafuta kosa kwenye chakula cha leo. Rudi nyuma, hesabu siku tano.

Njia ninayoiamini ni moja: fungu la paka lichemshwe kwa maji matupu kabla hujaunga mchuzi. Anayesema paka wa marikiti wanakula kila kitu hajawahi kuwafuata wanapokwenda kufia.

Hatua ya 4: Mafuta ya karafuu
Kwetu Pemba kila nyumba ina kichupa, cha jino au cha kuchulia viungo. Usimpake paka kwa ajili ya viroboto, hata tone. Ini lake halimudu kuyavunja kama letu, naye hujilamba. Yakimmwagikia, mfunge kitambaa asijilambe, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kisha nenda kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 5: Tazama ufizi
Inua mdomo wa juu. Ufizi mweupe au wa manjano, au akihema haraka, usingoje kesho. Usimtapishe kwa chumvi. Na parasitamoli usimpe kabisa, hata robo ya kidonge, maana huua paka.

Ufizi wa paka wa jirani ulikuwa wa waridi, na jana yake alikula dagaa wa kuchemsha tu. Alipowekwa chini akaenda moja kwa moja kwenye kopo la mrehani.