Somo: Kabla ya kulipia vipimo vya mazingira, pima thamani ya taarifa yenyewe

Wengi hukimbilia maabara bila kujiuliza: majibu yakija, yatabadilisha tunachokusudia kufanya? Kama hayabadilishi, hayana thamani kwa uamuzi huo, hata yawe sahihi vipi.

Hatua ya 1. Orodhesha maamuzi. Kiwanja kinashukiwa kuwa na madini ya risasi udongoni: tukisafishe au tukiache.

Hatua ya 2. Weka gharama na uwezekano. Kusafisha ni 40 (kizio chochote cha fedha, mradi kiwe kimoja). Kuacha ni 0 udongo ukiwa salama, 100 ukiwa na sumu. Ndani ya hiyo 100 mna afya ya watoto, na tafadhali msiipunguze ili hesabu ipendeze. Uwezekano wa sumu ni asilimia 30.

Hatua ya 3. Amua bila kupima. Kuacha kunatarajiwa kugharimu 0.3 × 100 = 30, chini ya 40. Tungeacha.

Hatua ya 4. Chukulia tunajua ukweli wote. Tungesafisha penye sumu tu: 0.3 × 40 = 12. Tofauti, 30 − 12 = 18, ndiyo kikomo. Utafiti unaozidi 18 ni hasara.

Hatua ya 5. Kipimo halisi hukosea. Tuseme hunasa sumu mara 90 kwa 100, lakini kwenye udongo salama nako hutoa tahadhari ya uongo mara 20 kwa 100. Uwezekano wa tahadhari ni 0.3 × 0.9 + 0.7 × 0.2 = 0.27 + 0.14 = 0.41, nasi tukiipata tunasafisha: 0.41 × 40 = 16.4. Kikisema salama tunaacha, na sumu iliyokiponyoka inatugharimu 0.03 × 100 = 3. Jumla 19.4, hivyo kipimo kina thamani ya 30 − 19.4 = 10.6.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, uwezekano ukiwa asilimia 5 tu, si bora tupime tupate uhakika?
Kwa kipimo hiki, hapana. Hata kikitoa tahadhari, uwezekano unapanda hadi 19 hivi kwa 100. Kuacha kutagharimu 19, bado chini ya 40. Uamuzi ni uleule, thamani sifuri. Tafuteni kipimo chenye tahadhari chache za uongo.

Tukibishana kuhusu hiyo 30?
Rudieni hesabu. Kwa asilimia 20 kikomo ni 12, kwa 40 ni 24, kwa 50 kinashuka hadi 20. Taarifa hupanda thamani pale mnapokaribia kugeuza uamuzi.

Na sumu ikizidi kusambaa tukisubiri majibu?
Toa madhara ya kusubiri kwenye ile 10.6, pamoja na ada ya maabara. Kisipobaki kitu, amueni leo.