Jani lina miba pembeni? Usilipe jina kabla hujafanya haya

Watu wakiona tu miba kwenye ukingo wa jani basi washasema "hiyo aloe vera", wanapita zao, kumbe mimea ya hivyo ipo mingi na mingine haina hata undugu.

Anza kwa kugusa taratibu. Ukingo wenye meno kama ya msumeno unakwaruza, wa miba unachoma kweli, na ukiusogeza karibu na jicho mara nyingi utaona ni mshipa wa jani umetokeza nje ukawa mwiba.

Kisha cheki miba imekaa wapi. Mkonge wa kamba, jani likishakomaa kwa kawaida pembeni ni laini, ila nchani kuna mwiba mmoja mkubwa mweusi, wakati ndugu yake Agave americana ana kulabu pembeni na mwiba nchani pia. Mkadi (Pandanus) nao una miba hadi chini ya jani kwenye uti wa kati, pitisha kidole utaisikia. Nanasi lisikudanganye, aina ya Smooth Cayenne inayo karibu na ncha tu.

Sasa kata kipande, hapa ndo mchezo wote ulipo. Shubiri, yaani hiyo aloe vera, inatoa maji ya njano machungu chini ya ganda, ndani ni ute mtupu, hakuna nyuzi. Agave ukiivunja nyuzi zinavutika hazikatiki, na utomvu wake unawasha ngozi kwa hiyo usiguse macho kabla hujanawa.

Mbaruti (Argemone mexicana) na mchunga wa miba (Sonchus asper) ndo naomba uwe makini zaidi, maana mchunga unalika ila mbaruti ni sumu, India mwaka 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganyika na ya mbegu zake yaliua makumi ya watu. Utomvu wa mbaruti ni wa njano na jani lina michirizi myeupe kwenye mishipa, mchunga unatoa maziwa meupe na jani limekumbatia shina kwa masikio mawili ya mviringo.

Jani moja halitoshi, angalia ya chini na ya juu. Mti wa holi (Ilex aquifolium) matawi ya chini majani yana miba mikali, juu kabisa unakuta mengi hayana hata mmoja na mti ni uleule, hapo angalia yalivyopangwa: ya holi yanapishana kwenye kijiti, yakikaa mawili mawili yanatazamana basi huenda ni Osmanthus heterophyllus, mmea mwingine unaofanana na holi.