Kwilti ndogo ya kanga ya kutundika, kwa cherehani ya kawaida

Shoga zangu wengi mnaniuliza zile korosho (yale mapambo ya kanga yenye umbo la korosho) za kwenye kwilti, yani kitambaa cha tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, nazichorea nini kabla sijashona. Sichori kitu jamani, kanga yenyewe ishachorwa, kazi yako kuifata tu, ndo mana kila anaeanza namwambia aachane na chaki atafute kanga yenye korosho kubwa kubwa.

Hatua ya 1. Kanga ifue kwanza, mpya ina wanga na ikiingia maji inarudi. Nyekundu ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Piga pasi, kata kwenye mji, yani pale katikati ndani ya pindo, sm 40 kwa 40. Katikati mi natia blanketi jembamba la mtumba, sokoni Darajani hapa Unguja yapo, chini kitambaa cha pamba, na hivi viwili vizidi sm 5 kila upande mana ukishona vinavutika.

Hatua ya 2. Panga tabaka zote tatu, piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa mkono kuanzia kati kwenda nje.

Hatua ya 3. Cherehani sasa. Shusha meno yanayosukuma kitambaa, kama yako hayashuki yafunike na kadi ngumu uliyoitoboa kitundu cha sindano, urefu wa mshono weka 0. Tia mguu wa kudarizi na sindano mpya namba 90/14. Halafu mguu uteremshe, hata ukiona haukandamizi kitambaa we teremsha tu, usipoteremsha uzi wa juu haukazwi na chini unakuta kichaka cha nyuzi.

Hatua ya 4, hapa ndo penyewe. Vuta uzi wa bobini uje juu, shika nyuzi zote mbili, piga mishono midogo minne mitano papo hapo kisha kata ncha. Viganja viweke bapa huku na huku ya sindano, kitambaa usikizungushe kama unashona kola, kitelezeshe mbele, nyuma, kulia, kushoto. Cherehani iende mwendo mmoja na mikono polepole, mikono ikikimbia mishono inakua mirefu, ikizubaa inarundikana na uzi unakatika. Macho yatangulie unakokwenda, usiikodolee sindano. Zunguka korosho nje, kisha ingia ndani nusu sentimita uzunguke tena, utaona inavyovimba na kupendeza. Ukisimama acha sindano imezama.

Geuza uangalie chini kila baada ya muda: uzi wa juu ukilegea na kufanya vitanzi huko chini, kaza wa juu kidogo, na wa bobini ukichungulia juu, legeza huohuo wa juu. Jaribu kwenye chakavu kwanza.

Kama umekata penye jina, yani yale maneno ya kanga, zunguka herufi usizipite juu, jina lazima lisomeke.

Hatua ya 5. Fumua bandi, nyoosha kingo kwa mkasi, zunguushia ukanda wa sm 6 wa pindo la kanga ileile. Nyuma shonea mfuko mwembamba wa kupitishia fito, na usiitundike ukuta wenye unyevu, itashika madoa.