Kabla waya haujafukiwa: mambo ya kuzingatia unapotaka sakafu ya joto ya umeme

Sakafu inayopashwa joto kwa umeme haina vitu vingi. Kuna waya wenye ukinzani, uliovikwa ganda la kuzuia umeme na suka ya ethi, yaani nyuzi za chuma zilizosukwa za kupeleka ardhini umeme unaovuja, ambao hutandazwa chini ya vigae au mbao. Kuna themostati ukutani, yaani kidhibiti kinachowasha na kuzima joto. Kuna kihisi kidogo kilichozikwa sakafuni kinachoiarifu themostati kwamba sasa joto limefika nyuzi ngapi. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka. Taabu yake ni moja tu: vyote hivyo, isipokuwa themostati, vinafukiwa, na kosa la siku ya kwanza huja kulipiwa kwa tindo na nyundo. Kutandaza mkeka wenyewe, yaani waya huo ukiwa umeshikizwa kwenye wavu, ni kazi ya saa chache. Kinachochukua muda, na kinachostahili kuchukua muda, ni yale yanayoamuliwa kabla yake.

Swali la kwanza wengi hulipita haraka. Je, unataka sakafu isiwe baridi mguuni, au unataka sakafu hiyo ndiyo ipashe joto chumba kizima? Haya ni mambo mawili, na jibu linabadilisha kila kitu, kuanzia bajeti hadi unene wa sakafu. Sababu iko katika hesabu ndogo. Sakafu hutoa joto kulingana na tofauti kati ya uso wake na hewa ya chumba. Uso ukiwa na nyuzi 29 za Selsiasi, kiwango kinachokubalika kwa sehemu ambazo watu hukaa, na chumba kikiwa na nyuzi 20, kila mita ya mraba hutoa takriban wati 100. Sakafu ya mbao, ambayo kwa kawaida haipaswi kuvuka nyuzi 27, hutoa kama wati 75 tu. Hapo ndipo kilipo kikomo cha mfumo huu, hata ukinunua mkeka wa wati 200 kwa mita ya mraba. Wati za ziada zitaifikisha sakafu kwenye joto lake mapema zaidi; zikishaifikisha, themostati itazima na kuwasha ili isivuke mpaka. Muuzaji anayekwambia mkeka mkubwa zaidi utatibu chumba chenye madirisha yanayopitisha upepo anakuuzia mkeka tu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua orodha ya bei, jua chumba chako kinapoteza joto kiasi gani. Fundi anayefahamu kazi atapima kuta, dirisha, dari na mianya, kisha atakupa idadi ya wati. Idadi hiyo ikizidi kile ambacho sakafu inaweza kutoa, una njia mbili: punguza upotevu, au weka chanzo kingine cha joto na uiachie sakafu kazi ya kuondoa ubaridi wa kigae. Mimi ningeanza na mianya ya dirisha kila mara, kwa sababu kuiziba hakuongezi chochote kwenye bili.

Na bili nayo izungumzwe sasa, kabla ya pesa kutoka. Waya wa ukinzani hugeuza yuniti moja ya umeme kuwa yuniti moja ya joto, basi. Pampu ya joto, kwa yuniti hiyohiyo moja, mara nyingi huingiza ndani yuniti tatu au zaidi. Ndiyo maana umeme wa sakafuni unakaa vizuri bafuni, chooni au kwenye korido ndogo, mahali panapohitaji joto kwa saa chache. Kwa nyumba nzima inayopashwa mchana na usiku, gharama ya kufunga itakufurahisha, na gharama ya kuendesha itakufanya ujute.

Sasa chukua futi kamba. Kinachopimwa ni eneo lililo wazi, yaani pale ambapo mtu anaweza kusimama, wala si ukubwa wa chumba. Tuseme bafu lina mita 3 kwa 2.5, yaani mita za mraba 7.5. Ondoa beseni la kuogea, ondoa choo cha kukaa, ondoa kabati la sinki, kisha acha ukanda wa sentimita 5 hadi 10 kandokando ya kuta. Huenda zikabaki mita za mraba 4.5 hadi 5. Hapo nunua mkeka wa 4.5. Waya wa joto haukatwi. Kinachokatwa ni wavu ulioushikilia, ili mkeka ugeuzwe na kurudi upande wa pili. Ukinunua mkubwa kuliko nafasi uliyonayo, kipande cha mwisho hakina pa kwenda: huwezi kukikata, huwezi kukikunja juu ya kingine, na huwezi kukisukuma chini ya kabati. Mkeka mdogo kidogo kuliko eneo hauna madhara.

Marufuku ya kuweka waya chini ya kabati lisilo na miguu, chini ya beseni au chini ya choo ina sababu yake. Joto likikosa pa kutokea hujikusanya, na sehemu hiyo hupata joto kuliko kihisi kinavyoona, kwa kuwa kihisi kiko mbali. Ganda la waya huzeeka hapo, mbao hupinda, kigae hufumuka. Zulia nene, godoro la sakafuni na mto mkubwa wa kukalia hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo amua mpangilio wa samani kabla ya mpangilio wa waya. Mtu ambaye huhamisha kabati kila msimu afikirie mara mbili. Na choo pia kina misumari yake ya kukifunga sakafuni, kama kilivyo kizuizi cha mlango. Weka alama ya kila tundu litakalotobolewa, sasa na baadaye, na waya upite mbali nalo.

Chini ya mkeka kuna jambo ambalo wabana matumizi hulifuta kwanza kwenye orodha, nalo ni ubao wa kuzuia joto. Ukitandaza waya moja kwa moja juu ya zege, unapasha joto zege kabla ya kupasha miguu yako, na zege ni zito. Sakafu ya namna hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kabla hujahisi lolote. Ikiwa juu ya bodi ya povu gumu iliyopakwa saruji, ya milimita 6 au 10, hupata joto ndani ya nusu saa hivi au zaidi kidogo, na kiasi kikubwa cha joto huelekea juu kunakotakiwa. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, punguza anasa ya themostati yenye intaneti, nunua bodi.

Bodi hiyo inaongeza kimo. Jumlisha bodi, waya na gundi yake, kisha kigae, na sakafu inaweza kupanda sentimita 2 hadi 3. Mlango utafunguka? Kizingiti cha chumba cha pili kitakuwa ngazi ya kujikwaa? Mfereji wa maji wa bafu bado utakuwa chini kuliko kigae? Haya yajibiwe kwa rula, mkeka ukiwa bado dukani. Sakafu yenyewe iwe kavu, safi, imara na iliyonyooka, maana jiwe dogo lililosahauliwa chini ya waya litauchubua mara tu mtu akikanyaga. Kama kuna kiungo cha upanukaji kwenye zege, yaani mwanya ulioachwa ili zege lipanuke bila kupasuka, waya wa joto usikivuke. Gawa eneo liwe mikeka miwili.

Kifuniko cha juu nacho kina sauti. Vigae na mawe ndivyo vinavyopitisha joto vizuri zaidi. Laminati na vinili hufaa iwapo mtengenezaji ameandika hivyo, pamoja na kikomo cha joto, na kwa laminati hutumika mikeka yake ya karatasi ya alumini isiyohitaji gundi. Zulia linakubalika likiwa jembamba. Kizuizi cha joto cha kifuniko kizima, pamoja na kitambaa cha chini yake, hakipaswi kuzidi 0.15 kwa kipimo cha mita za mraba kelvini kwa wati, namba ambayo huandikwa kwenye karatasi ya bidhaa. Isipoandikwa, uliza.

Upande wa umeme usiufanye mwenyewe. Maeneo mengi sheria inataka fundi aliyesajiliwa, na bafuni hata pasipo sheria akili inataka hivyo. Bado ni vizuri ujue cha kumuuliza. Mkeka wetu wa mita za mraba 4.5, kwa wati 150 kila mita, unakula wati 675; kwa volti 230 hiyo ni chini kidogo ya ampea 3, mzigo mdogo. Themostati nyingi hubeba ampea 16, yaani wati 3,680, ambazo kwa mkeka kama huo ni kama mita za mraba 24. Ukizidi hapo panahitajika kontakta, yaani swichi ya kubeba mzigo mkubwa, au themostati ya pili. Sakiti ni lazima ilindwe na kikata umeme cha uvujaji, kile ambacho mafundi hukiita RCD, chenye miliampea 30. Suka ya waya wa joto iunganishwe na ethi. Themostati ikae nje ya eneo la maji. Mara nyingi hiyo humaanisha nje ya bafu kabisa, huku kihisi cha sakafuni kikiachiwa kazi ya ndani.

Sasa lile ambalo nikiruhusiwa kubakiza moja tu nitalibakiza: kupima ukinzani. Kila mkeka huja na kibandiko chenye idadi ya omu, kipimo cha ukinzani. Unaweza kuikokotoa mwenyewe: volti mara volti, gawa kwa wati. Kwa mkeka wetu ni 230 mara 230, gawa kwa 675, jibu ni omu 78.4. Watengenezaji wengi hukubali upungufu wa asilimia 5 na ziada ya asilimia 10, kwa hiyo kipimo chochote kati ya omu 74.5 na 86 hivi ni kizima. Kipimo kikionyesha kwamba njia haipo kabisa, waya umekatika. Kikikaribia sifuri, nyuzi zimegusana. Kisha pima kati ya waya na suka ya ethi kwa kifaa cha kupimia ganda kinachotumia volti 500. Hapo namba iwe kubwa, angalau megaomu 1, yaani omu milioni moja, na mkeka mpya hutoa zaidi ya hiyo kwa mbali. Maltimita, kipimaji cha kawaida cha fundi umeme, haitoshi kwa kipimo hiki cha pili, kwani volti yake ni ndogo mno kufichua jeraha jembamba kwenye ganda.

Vipimo vyote viwili hufanywa mara tatu: mkeka ukitoka kwenye boksi, ukishatandazwa kabla ya gundi, na vigae vikishalala. Faida ya mara tatu ni kujua nani alipe. Mkeka ulioharibika ndani ya boksi unarudishwa dukani. Ulioharibika kabla ya gundi unatengenezwa ukiwa wazi, kwa kiungo maalumu. Ulioharibika chini ya vigae unamhusu aliyevilaza, na mara nyingi chanzo ni ncha ya mwiko au ndoo iliyodondoshwa. Fundi umeme na fundi vigae wasipoandika namba hizi na kutia sahihi, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole na wewe utabaki katikati. Watengenezaji wengi pia huzidai namba hizo kwenye fomu ya dhamana.

Siku ya kutandaza yenyewe ina masharti machache. Waya usipite juu ya waya mwingine, wala njia zisisogeleane kuliko kitabu cha maelekezo kinavyoruhusu. Kiungo kati ya waya wa joto na waya baridi unaokwenda ukutani kifukiwe chote sakafuni, kisiachwe hewani ndani ya ukuta. Kihisi kiingizwe ndani ya bomba dogo lililozibwa ncha, katikati ya njia mbili za waya bila kuzigusa, ndani ya eneo linalopashwa joto. Bomba ni la lazima: kihisi ndicho hufa mapema, na kikiwa ndani ya bomba kinavutwa na kingine kinaingizwa bila kuvunja kigae. Usiuwashe mkeka ukiwa bado umeviringishwa, hata kwa kuujaribu. Gundi iwe ile inayovumilia mnyumbuliko, yenye alama S1, kwa kuwa sakafu itapanuka na kusinyaa kila siku.

Halafu subira. Gundi na saruji zikaushwe na muda wake, zisikaushwe na waya. Kwa gundi ya vigae maelekezo mengi husema siku 7 au zaidi. Kwa tabaka nene la saruji ni kama siku 28. Fuata kilichoandikwa kwenye mfuko. Mara ya kwanza kuwasha, anza na joto la chini na upandishe nyuzi chache kwa siku.

Kabla gundi haijamwagwa, piga picha sakafu nzima kutoka pembe zote, futi kamba ikionekana ndani ya picha, na hasa sehemu ya kiungo na ya kihisi. Chora ramani ndogo yenye vipimo kutoka kuta mbili. Nakala moja ikae na fomu ya dhamana, nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa sanduku la umeme pamoja na zile omu ulizopima, maana fundi atakayekuja kutoboa sakafu au kutafuta hitilafu atafungua sanduku hilo kwanza.