Jinsi ya kumaliza ajali ndogo ya gari Nairobi bila kupitia bima

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu saa moja asubuhi akiwa Barabara ya Ngong, karibu na Adams Arcade, ambako alikuwa amemgonga mtu kwa nyuma kwenye foleni. Bampa la mwenzake lilikuwa limeachia upande mmoja, hakuna aliyeumia, na wote wawili walikuwa wanachelewa kazini. Siku ya tatu walikuwa wameshalipana na kutia sahihi. Nimeandika hapa utaratibu tulioufuata, pamoja na hatua moja ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuiruka, nikalipa ajali moja mara mbili.

1. Pima kama ajali yenyewe inafaa kumalizwa hivyo

Mtu akiumia, hata akisema ni shingo tu inamvuta kidogo, msilipane kando ya barabara. Nendeni polisi na uijulishe bima. Fanya vivyo hivyo ukigongana na gari la serikali lenye nambari za GK, gari la ubalozi, au dereva anayenuka pombe. Kwa ajali nyingine, soma mkataba wako wa bima uone kiasi unachotakiwa kujilipia kabla kampuni haijaanza kulipa. Wangu unasema asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ambayo kwa gari la shilingi 1,000,000 ni shilingi 25,000. Gharama ikiwa karibu na kiasi hicho, sioni faida ya kujaza fomu za madai na kupoteza punguzo la mwaka unaofuata. Ikizidi maradufu, mimi hupeleka bima bila kusita.

Kumbuka kwamba mikataba mingi inakutaka uripoti kila ajali hata kama hudai chochote, na inakukataza kukiri kosa bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo mwandikie wakala wako ujumbe mfupi kwamba ni taarifa tu, na usiandike popote kwamba wewe ndiye uliyekosea.

2. Piga picha, kisha ondoeni magari barabarani

Picha ziwe za magari yote mawili yakiwa na nambari za usajili, za mahali palipogongwa kwa karibu, na moja ya mbali inayoonyesha barabara.

3. Andikisha ajali kituoni

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame na kutoa jina na anwani yake, jina na anwani ya mmiliki, na nambari ya gari; asipofanya hivyo anapaswa kuripoti polisi ndani ya saa 24. Mimi hupendelea kuandikisha katika kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, hata tukiwa tumepatana, kwa sababu mwenzako akibadilika baadaye, nambari ya OB itaonyesha kwamba hukukimbia. Mweleze ofisa kwamba mnakusudia kumaliza wenyewe.

4. Jua gari ni la nani kabla ya kutoa hata shilingi moja

Hapa ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita niligonga gari la kusambaza bidhaa katika Barabara ya Jogoo. Dereva alikuwa mpole, tukakubaliana shilingi 15,000, nikampa taslimu papo hapo, tukapeana mikono. Baada ya wiki mbili nilipigiwa simu na mwenye gari, ambaye hakuwa ameona hata senti moja na tayari alikuwa na abstrakti ya polisi (hati inayoonyesha kwamba ajali imeripotiwa) pamoja na makadirio ya gereji. Dereva alikuwa ameshaacha kazi na simu yake haikupatikana. Nilikaa kituoni kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni nikijaribu kueleza kwamba nilishalipa, bila karatasi wala shahidi, na mwishowe nililipa tena.

Tangu siku hiyo simlipi mtu ambaye sijathibitisha kwamba gari ni lake. Njia ninayoiamini ni kufanya utafutaji wa gari katika akaunti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambako ukiingiza nambari ya usajili na kulipa ada utapata jina la mmiliki aliyesajiliwa. Picha ya logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, inayotumwa kwa WhatsApp siitegemei peke yake, kwa kuwa picha huhaririwa. Jina utakalolipata ulilinganishe na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako.

Mara nyingi majina hayo hayatalingana, na hilo peke yake halimaanishi kwamba unatapeliwa. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa limesajiliwa kwa majina mawili, la benki au sacco na la mnunuzi. Nikiona hivyo nami ninalipa kiasi cha bampa tu, naikubali sahihi ya mnunuzi. Gari lililouzwa bila kuhamishwa umiliki litaonyesha jina la mmiliki wa zamani, basi omba mkataba wa mauzo. Dereva wa teksi ya programu ya simu mara nyingi anaendesha gari la mtu mwingine anayepelekewa tageti, yaani kiasi cha pesa walichokubaliana, kila wiki, na mwenye gari huyo ndiye wa kuongea naye, hata dereva akisema kwamba bosi hatakiwi kujua. Akisema hivyo, mimi huona hiyo ni sababu ya kutosha ya kumpigia bosi. Gari likiwa la kampuni, atie sahihi mtu mwenye mamlaka, na ziada ya hapo upate muhuri. Kama wewe ndiye unayeendesha gari lisilo lako, yageuze haya yote upande wako: mwenye gari ajue kabla hujaahidi chochote.

5. Makadirio yafanywe bampa likiwa limefunguliwa

Fundi anayekadiria kwa kuangalia picha anabahatisha. Gari la mwenzake shemeji lilipofunguliwa katika gereji moja ya Industrial Area, tulikuta mabano mawili yamevunjika na waya wa sensa ya kurudi nyuma umekatika, vitu ambavyo havikuonekana kwa nje. Makadirio ya kwanza ya shilingi 22,000 yakafika 31,500, na afadhali yalipanda kabla ya sahihi. Kila upande ulete fundi mmoja, kisha mkubaliane katikati. Spea iliyotumika kutoka Barabara ya Kirinyaga inatosha kabisa kwa gari lenye umri wa miaka kumi, na anayedai bampa jipya la dukani kwa gari kama hilo anakutania. Katika rangi sibani pesa: ichanganywe kwa kompyuta kulingana na msimbo wa rangi ya gari, maana rangi ya kukisia kwa macho hujulikana likitoka tu juani.

Mimi humlipa mwenye gari wala simlipi fundi wake, kwa sababu ukimlipa fundi, kila kasoro ya kazi yake italetwa kwako.

6. Andikeni, lipaneni, tieni sahihi

Fanyeni haya kwa kikao kimoja, kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino. Ujumbe wa WhatsApp ni nyongeza tu. Maneno tuliyotumia ni haya:

"Mimi ........, mwenye kitambulisho nambari ........, mmiliki wa gari nambari ........, nimepokea shilingi 31,500 kutoka kwa ........ kwa M-Pesa, nambari ya muamala ........, yakiwa malipo kamili na ya mwisho ya uharibifu wote uliotokana na ajali ya tarehe ........ katika Barabara ya Ngong. Malipo haya si kukiri kosa. Sitadai chochote zaidi kwake, kwa mmiliki wa gari lake wala kwa kampuni yake ya bima kuhusu ajali hiyo."

Chini ziwe sahihi mbili na ya shahidi mmoja, kwa nakala mbili.

M-Pesa ni bora kuliko taslimu kwa sababu jina la mpokeaji linabaki kwenye ujumbe, na jina hilo lazima lifanane na la kwenye karatasi. Akikupa nambari ya "ndugu yangu", kataa. Ukiwa wewe ndiwe unayelipwa, usitie sahihi kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mwenzako, bali angalia salio lako mwenyewe. Mlipaji anaweza pia kuomba muamala urudishwe kwa kutuma ujumbe wake kwa nambari 456, kwa hiyo hamisha au utoe pesa mara moja, kisha ndipo utie sahihi.

Karatasi hiyo usiitupe gari likishatengenezwa. Madai ya uzembe yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na shemeji ameweka nakala yake katika mfuko wa plastiki pamoja na logbuku, juu yake ameandika kwa wino mwekundu tarehe ambayo miaka hiyo itatimia.