Kuutambua mti usioujua bustanini: anza na tawi, simu ije baadaye

Mti umejiotea pembeni mwa ua, au uliukuta ulipohamia, na kila anayepita anaupa jina lake. Karibuni nilimsaidia jirani kuutambua wa kwake, uliokuwa ukiitwa mwarobaini na kila mtu pale nyumbani. Utaratibu tuliofuata ndio ninaouandika hapa. Hauhitaji usomi wa botania. Unahitaji mkasi wa kupogolea, rula, karatasi, penseli, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ukiweza kununua kitu kimoja tu, nunua lenzi. Itakuonyesha vitu ambavyo kamera ya simu haivioni kabisa.

Kabla ya yote: usionje chochote, hata kidogo. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huumiza vibaya, na mbegu za mbarika zina risini, sumu kali mno. Mti usiojulikana jina hauna haki ya kuaminiwa. Vaa glavu, na nawa mikono ukimaliza.

Hatua ya 1: Kata tawi linalofaa

Chukua tawi lililokomaa, linalopata jua, lenye urefu wa sentimita 30 hivi. Usichukue machipukizi yanayotoka shinani wala yale yaliyoota baada ya mti kukatwa, kwa sababu majani yake mara nyingi hayafanani na ya mti wenyewe. Mkaratusi wa Eucalyptus globulus ukiwa mchanga una majani mapana ya rangi ya buluu-kijivu, yaliyokaa jozi bila kikonyo. Ukikomaa majani hurefuka, hupinda kama mundu, na hukaa kwa kupishana. Ukimpa mtu majani ya aina hizo mbili atakuambia ni miti miwili.

Bustanini kuna jambo jingine la kuangalia: miti iliyopandikizwa, yaani tawi la mti mmoja limeunganishwa kwenye shina la mwingine. Tafuta kovu au uvimbe karibu na udongo. Chipukizi lililotoka chini ya kovu ni la mti wa chini, si la ule ulioununua. Ndiyo maana watu hushangaa kuona mchungwa wao umeanza kutoa majani ya vipande vitatu vitatu na miiba mirefu. Mara nyingi hilo ni shina la Poncirus trifoliata, au chotara wake, lililoushinda nguvu mchungwa.

Hatua ya 2: Jua jani linaanzia wapi

Hapa ndipo karibu kila ninayemsaidia hukwama, na ukikosea hapa kila kitu kinachofuata kinapotea. Swali ni moja: hicho unachokiita jani, je, ni jani zima au ni kipande tu cha jani?

Shika kile unachodhani ni jani, fuata kikonyo chake mpaka kinapoungana na kijiti, kisha tazama kwa lenzi upande wa juu wa pale palipoungana. Kama kuna tumba, yaani chipukizi ambalo halijafunguka, hata liwe dogo kuliko kichwa cha pini, basi ulichoshika ni jani zima. Kama hakuna, umeshika kipande. Sogea chini kando ya kile ulichodhani ni kijiti, mpaka ufike mahali penye tumba. Kila kilichopo kutoka hapo kwenda juu, hata vipande viwe mia, ni jani moja.

Mlonge ndio mfano mzuri kuliko yote. Majani yake hugawanyika mara mbili, hata mara tatu, na jani moja linaweza kufika nusu mita. Mtu akiona vile vipande vidogo vya mviringo anaandika "majani madogo, sentimita moja na nusu", halafu anatafuta mti ambao haupo duniani.

Kuna vikwazo vyake, na ni vizuri uvijue mapema. Miti mingine ina matumba madogo mno kiasi kwamba utadhani hayapo. Jaribu kijiti cha zamani kidogo, huko huwa yamenenepa. Mingine, kama jamii ya Platanus, hulificha tumba ndani ya kitako cha kikonyo, kwa hiyo hulioni mpaka ulibandue jani. Na kuna inayofanya kinyume: Phyllanthus emblica ina vijiti vyembamba vyenye majani pande mbili, vinavyofanana kabisa na jani lililogawanyika, hata huanguka vizima vizima. Kinachoviumbua ni maua, kwani hutoka kwenye vijiti hivyohivyo, kando ya vijani, na vipande vya jani la kweli havitoi maua namna hiyo.

Tumba likigoma kuonekana, tumia ishara mbili za ziada. Jani, hata liwe kubwa, lina mwisho: nchani mwake hamuoti jani jipya, ilhali kijiti huwa na ncha inayoendelea kukua. Pili, okota majani yaliyoanguka chini ya mti, kisha tafuta kwenye tawi kovu ambapo kikonyo kikuu kilibanduka. Panapobaki kovu safi na tumba juu yake, hapo ndipo jani lilipoanzia.

Mvinje nao unataka macho makini. Vile vijiti vya kijani vinavyoning'inia si majani. Vuta kimoja taratibu, kitaachana kwenye kiungo, na kwa lenzi utaona duara la meno madogo sana. Meno hayo ndiyo majani. Msonobari una sindano za kweli, zilizofungwa pamoja kwenye kitako, mara nyingi mbili, tatu au tano, na idadi hiyo husaidia sana kujua ni msonobari gani.

Andika ulichopata: jani zima, vipande vilivyopangwa mara moja kando ya mhimili, vilivyogawanyika mara mbili, au vilivyokutana sehemu moja kama vidole, mfano mbuyu.

Hatua ya 3: Majani yanapishana au yanatazamana?

Ni majani, si vipande. Hatua hii ni fupi lakini ina nguvu ya ajabu. Mjakaranda na mkrismasi, yaani Delonix regia, bila maua huwachanganya hata watunza bustani wazoefu, kwa kuwa yote miwili ina majani kama manyoya ya ndege, yaliyogawanyika mara mbili. Majani ya mjakaranda yanatazamana jozi kwa jozi, ya mkrismasi yanapishana. Kazi imekwisha.

Hatua ya 4: Utomvu, nukta na harufu

Chuma jani na uangalie jeraha. Utomvu mweupe kama maziwa, majani yanayopishana, na pete nyembamba inayouzunguka mzunguko wote wa kijiti kwenye kila kifundo: hiyo ni familia ya mikuyu. Utomvu mweupe pamoja na majani yanayotazamana mara nyingi ni Apocynaceae, familia ya oleanda, nayo ina miti mingi yenye sumu.

Kisha inua jani ulielekeze kwenye mwanga, liwe kati ya jicho lako na anga angavu. Jani la mlimau litaonekana limejaa nukta ndogo zinazopitisha nuru. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Nukta na majani yanayopishana, fikiria jamii ya michungwa. Nukta na majani yanayotazamana, fikiria familia ya mpera na mkarafuu. Kijiti kichanga cha mpera kina pembe nne, ukikizungusha kati ya vidole utazihisi.

Sugua jani, unuse, uandike.

Hatua ya 5: Gome

Lipige picha tu. Gome hubadilika mno kwa umri, na silitegemei kamwe kuanzia utafutaji.

Hatua ya 6: Sasa simu

Programu za simu za kutambua mimea kama Pl@ntNet na iNaturalist zote ni nzuri, lakini mimi naipenda zaidi iNaturalist kwa sababu watu halisi huangalia na kujadili jina. Weka picha tatu au nne tofauti: tawi zima, kiungo cha jani na kijiti, upande wa chini wa jani, na ua au tunda likiwapo. Picha moja ya mti mzima kutoka mbali haisaidii. Kama mti ulipandwa na mtu, sema hivyo. Usipojua, sema hujui.

Jina utakalopewa ni dhana ya kupimwa. Tafuta mti unaofanana nao zaidi, kisha jiulize ni nini kinawatofautisha. Kwa jirani yangu ilikuwa hivi: mwarobaini una majani yaliyogawanyika mara moja tu, kila kipande kina meno na kitako kilichoenda upande. Wake ulikuwa na majani yaliyogawanyika mara mbili, maua ya zambarau badala ya meupe, na matunda ya mviringo ya njano yaliyobaki mtini muda mrefu. Ni Melia azedarach, ndugu wa mwarobaini, ambaye matunda yake ni sumu kwa binadamu. Jirani ana watoto wadogo wanaocheza chini ya mti huo, kwa hiyo jina sahihi lilikuwa na uzito.

Ukipata jina la kisayansi, lihakikishe kwenye Plants of the World Online, orodha ya mtandaoni ya majina ya mimea ya bustani ya Kew, Uingereza. Usishtuke ukikuta majina mawili. Migunga mingi ya Afrika iliyoitwa Acacia sasa ni Vachellia au Senegalia, kufuatia uamuzi wa kongamano la botania la Vienna mwaka 2005, uliothibitishwa Melbourne mwaka 2011. Vitabu vya zamani vina jina la zamani, mti ni uleule.

Ikishindikana

Subiri maua. Yakitoka, kata tawi lenye majani na maua, lilaze ndani ya gazeti na uweke uzito juu, ubadilishe gazeti kila siku mpaka likauke. Geuza jani moja upande wa chini uonekane. Andika tarehe, mahali, kimo cha mti, rangi ya maua na harufu, kwa sababu rangi na harufu hupotea tawi likikauka. Kisha lipeleke kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya chuo kikuu au makumbusho iliyo karibu nawe.